Fahali wawili zizi moja: matoleo mawili ya programu kwenye kompyuta moja

Barua tulizochagua safari hii zimetoka Dodoma, Kibaigwa na Singida, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: toleo jipya limeingia, la zamani bado lina kazi, je, yatakaa pamoja? Mara nyingi yatakaa. Folda za programu zenyewe hazigombani sana. Ugomvi huanzia kwenye vitu ambavyo matoleo yote mawili hutumia: mipangilio ya mtumiaji, namba za poti (milango ambayo programu hupokelea mawasiliano) na, zaidi ya vyote, faili la data. Programu ikiharibika unaisakinisha upya kwa nusu saa. Faili la data likishageuzwa na toleo jipya, mara nyingi halirudi nyuma. Kwa hiyo kabla ya kufuata jibu lolote hapa chini, nakili data yako pembeni kwanza, kwenye flashi au diski ya nje, hata pale ambapo hatukulitaja hilo tena.

Ofisi yetu ya upimaji ina programu ya ramani ya QGIS, matoleo ya 2.18, 3.28 na 3.34, kwenye laptop moja. Tulipoweka 3.34, plagini (programu za nyongeza) mbili za 3.28 zilianza kutoa makosa. Lakini linalotutisha zaidi ni hili: bikoni zilezile zenye viwianishi vya Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji, zikifunguliwa kwa 2.18 zinakaa mahali pamoja juu ya picha ya satelaiti, na zikifunguliwa kwa 3.34 zinasogea mita kadhaa. Tuamini lipi?
*Mpima ardhi, Nkuhungu, Dodoma*

Tuanze na bikoni, maana hapo kuna viwanja vya watu.

Arc 1960 na WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS na picha za satelaiti, hazina kitovu kimoja cha dunia. Ili kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, programu husogeza kitovu hicho kwa mita fulani katika mihimili ya X, Y na Z. Tatizo ni kwamba orodha ya kimataifa ya mifumo ya viwianishi, EPSG, ina seti zaidi ya moja ya namba hizo kwa Arc 1960. Ipo ya wastani kwa Kenya na Tanzania kwa pamoja: -160, -6, -302. Ipo pia ya Tanzania peke yake: -175, -23, -303. Ukipiga hesabu kwa Dodoma mjini, seti ya pili inaiweka nukta ileile kama mita 6 kusini-magharibi ya pale ilipowekwa na ya kwanza. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30, hizo ni mita za kumfikisha mtu kwenye baraza la ardhi.

Matoleo ya zamani kama 2.18 yalichukua seti iliyoandikwa tayari ndani ya maelezo ya mfumo, bila kukuuliza. Matoleo ya 3 ya miaka ya karibuni hutumia maktaba mpya ya PROJ, ambayo huangalia eneo la ramani na kuchagua seti inayolifaa. Kwa hiyo hakuna toleo lililoharibika. Yamechagua njia mbili tofauti, basi.

La kuamini halitafutwi kwenye skrini. Chukua nukta ya msingi ya upimaji ambayo mna viwianishi vyake rasmi katika mifumo yote miwili, iingize kwenye 3.34 kwa Arc 1960, kisha linganisha na viwianishi vyake vya WGS 84 kwa kila njia ya kubadilisha. Inayokaribia zaidi ndiyo yenu. Ifungeni ndani ya mradi: menyu ya Project, kisha Properties, kisha Transformations. Kwenye Options za programu, sehemu ya mifumo ya viwianishi, wekeni tiki ili QGIS iulize kila inapokuta njia zaidi ya moja. Baada ya hapo 2.18 ibaki kwa kufungua na kuchapa ramani za zamani tu. Vipimo vipya visipite humo. Na mradi wa 2.18 mkiufungua kwa 3.34, hifadhini kwa jina jingine, kwa sababu kurasa za kuchapia hugeuzwa kuwa za muundo mpya na 2.18 haitazisoma tena.

Jambo jingine dogo, ingawa hamkuliuliza: Dodoma mjini iko ukanda wa 36, yaani EPSG 21036, lakini Kongwa na Mpwapwa ziko mashariki ya nyuzi 36 na huingia ukanda wa 37, yaani 21037. Kosa la ukanda ni la kilomita mamia, kwa hiyo huonekana upesi. La mita 6 ndilo hupita kimyakimya.

Sasa plagini. Hapa 2.18 haina hatia: plagini zake ziko kwenye folda ya .qgis2 na inatumia Python 2, haigusani na wenzake. Wanaogombana ni 3.28 na 3.34. Kila moja ina folda yake ndani ya Program Files, lakini zote mbili husoma wasifu mmoja ulioko AppData\Roaming\QGIS\QGIS3\profiles\default. Plagini ikisasishwa ukiwa ndani ya 3.34, imesasishwa kwa 3.28 pia, itake isitake.

Dawa yake ni kila toleo kuwa na wasifu wake. Bofya kulia njia ya mkato ya 3.28 iliyoko kwenye deskitopu, chagua Properties, na kwenye kisanduku cha Target nenda mwisho kabisa wa maandishi. Ruka nafasi moja, kisha andika:

--profiles-path "D:\QGIS\328"

Fanya vivyo hivyo kwa 3.34, ukitaja D:\QGIS\334. Kama laptop haina diski ya D, tumia C:\QGIS. Kabla ya kufungua mara ya kwanza, nakili folda ya default kutoka mahali pa zamani uiweke ndani ya D:\QGIS\328\profiles, la sivyo 3.28 itaanza nyeupe pe, bila plagini wala miunganisho yenu ya hifadhidata. 3.34 iacheni ianze upya na mzisakinishe plagini zake humohumo.

Makosa mawili hutokea sana hapa. La kwanza ni kuandika maneno hayo ndani ya alama za nukuu za njia ya programu. Windows itagoma na kusema haioni faili. La pili ni baya zaidi kwa sababu halitoi onyo: ukibofya mara mbili faili la mradi, Windows hufungua QGIS moja kwa moja bila kupitia njia yako ya mkato, na umerudi kwenye wasifu ule wa pamoja. Fungua programu kwanza kwa njia ya mkato, kisha ndipo ufungue mradi.

Ukitaka kujua mradi ulihifadhiwa na toleo gani, nakili faili la .qgz, badilisha mwisho wa jina la nakala uwe .zip, lifungue, na faili la .qgs lililomo ndani ulifungue kwa Notepad. Mistari ya mwanzo kabisa ina namba ya toleo na jina lake, 3.28 ikiitwa Firenze na 3.34 ikiitwa Prizren.

Natunza hesabu za mfanyabiashara wa mahindi. Vitabu vyote viko kwenye QuickBooks 2013, na bosi amenunua ya 2018. Mtu anayekuja kutukagulia bado ana 2013. Naweza kuwa na zote mbili?
*Mhasibu, Kibaigwa*

Kompyuta itazikubali zote mbili, mradi kila moja iwe kwenye folda yake. Wakati wa kusakinisha chagua njia ya kujipangia mwenyewe, na ukubali folda yenye jina la 2018. Usiielekeze kwenye folda ya 2013.

Hatari iko kwenye faili la kampuni, lile la .QBW. Ukilifungua kwa 2018, programu itakuomba ruhusa ya kulisasisha, itatengeneza bakapu, kisha italigeuza. Kuanzia dakika hiyo 2013 haiwezi kulifungua, na hakuna amri ya kulirudisha. Kinachobaki ni kurejesha bakapu ya kabla ya kugeuza na kuingiza upya kila risiti iliyofuata. Msimu wa mavuno, siku tatu tu za kazi zinatosha kukuliza.

Kwa hiyo, dada au kaka mhasibu, amua tarehe moja ya kuhama, ikiwezekana mwanzo wa mwezi. Jioni ya siku ya mwisho toa bakapu ya .QBB kutoka 2013 na uiweke nje ya kompyuta. Tengeneza folda mbili zenye majina yasiyochanganya, mfano HESABU_QB2013_ZIMEFUNGWA na HESABU_QB2018. Lililomo kwenye folda ya kwanza lisiingizwe muamala tena; ni la kusoma na kumwonyesha mkaguzi. La pili ndilo la kazi. Mkaguzi akihitaji takwimu za baada ya kuhama, mtolee ripoti kwa Excel au PDF. Kuendesha vitabu viwili sambamba na kunakili miamala mara mbili hatukushauri hata kidogo: lazima siku moja vitatofautiana, na hutajua kipi ni kweli.

Nina mradi wa chuo ulioandikwa kwa PHP 7.4 ndani ya XAMPP (kifurushi cha Apache, MySQL na PHP). Ninakofanya mafunzo kwa vitendo wanataka PHP 8.2. Nikiweka XAMPP ya pili, Apache haiwaki.
*Mwanafunzi wa TEHAMA, Dodoma*

Haiwaki kwa sababu XAMPP ya kwanza imeshakalia poti. Apache husikiliza poti 80 na 443, MySQL husikiliza 3306, na poti moja haikaliwi na wawili.

Sakinisha yenye 7.4 kwenye C:\xampp74, kwa kisakinishi chake chenyewe. Ukinakili folda ya xampp na kuibadilisha jina tu, mafaili ya ndani yataendelea kutaja C:\xampp, na utahangaika siku nzima ukihariri faili la toleo moja huku linalowaka ni jingine. Usiiweke ndani ya Program Files pia, kwa kuwa Windows huzuia kuandika humo.

Sasa zibadilishe poti za ile ya 7.4; ya 8.2 ibaki na zake za kawaida. Fungua C:\xampp74\apache\conf\httpd.conf, tafuta Listen 80 uifanye Listen 8074, na ServerName localhost:80 iwe localhost:8074. Kwenye conf\extra\httpd-ssl.conf badilisha kila penye 443 pawe 4474. Kwenye mysql\bin\my.ini namba 3306 imeandikwa mara mbili, upande wa mteja na upande wa seva. Zote ziwe 3307. Wengi hubadilisha moja tu. Mwisho, phpMyAdmin nayo iambiwe, ndani ya config.inc.php, kwa mstari huu:

$cfg['Servers'][$i]['port'] = '3307';

Mradi wako wa chuo utaufungua kwa localhost:8074, na msimbo unaounganisha hifadhidata lazima utaje 3307. Usipoitaja, utaunganishwa na MySQL ya toleo jingine na kuambiwa hifadhidata haipo, ilhali unaiona kwa macho yako kwenye phpMyAdmin. Usiweke tiki ya kuzifanya Apache na MySQL kuwa huduma za Windows, maana XAMPP zote mbili hutumia majina yaleyale ya huduma. Na hifadhidata ihamishe kwa kuitoa kama faili la .sql. Kunakili folda ya mysql\data kutoka toleo moja kwenda jingine ndiko kunakoua hifadhidata za wanafunzi wengi.

Poti ikigoma hata hivyo, andika netstat -ano | findstr :8074 kwenye Command Prompt. Namba ya mwisho kulia ni kitambulisho cha programu iliyoikalia; itafute kwenye Task Manager, safu ya PID.

Kumbuka tu kwamba PHP 7.4 iliacha kupata marekebisho ya usalama mwezi Novemba 2022. Ndani ya laptop yako haina neno. Kwenye seva ya watu, hapana. Anza kuuhamisha mradi: tafuta each() na create_function(), zote ziliondolewa kwenye 8.0.

Skripti ya R (programu ya takwimu) aliyoniachia mwenzangu aliyemaliza mwaka 2019 ilikuwa inafanya kazi kwake. Kwangu R 4.3 inatoa majibu tofauti kwenye data ya kaya za Bahi. Niweke R ya zamani?
*Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma*

Unaweza, tena R ni miongoni mwa programu zenye adabu kuliko zote katika hili. R 3.6 na R 4.3 hukaa kila moja na folda yake ndani ya C:\Program Files\R, na kila toleo lina maktaba yake ya pakeji. Ndani ya RStudio nenda Tools, Global Options, General, na pale juu bonyeza Change uchague toleo, kisha ufunge na kufungua upya. Njia fupi ni kushikilia Ctrl wakati RStudio inafunguka. Pakeji hazihami, utazisakinisha upya kwa kila toleo, kwa hiyo andaa bando.

Ila jaribu hili kwanza. R 4.0.0, iliyotoka Aprili 2020, ilibadilisha jambo moja: read.csv na data.frame ziliacha kugeuza maneno kuwa makundi zenyewe. Skripti ya 2019 iliyotegemea safu ya kijiji au jinsia iwe kundi itakwama au itatoa jedwali jingine. Ongeza stringsAsFactors = TRUE ndani ya read.csv, uendeshe tena. Majibu yakilingana na ya mwenzako, huna haja ya R ya pili. Watumiaji wa Stata, programu nyingine ya takwimu, nao wana njia yao: neno version 13 likiwekwa juu ya do-file, toleo jipya husoma amri kama lilivyokuwa toleo la 13, na saveold huhifadhi data ambayo Stata 13 itaifungua.

Duka letu la stationery lina Word 2010 na 2019 kwenye mashine moja, ili nyaraka za wateja zisiharibike mpangilio. Kila tukibadili toleo, linakaa dakika nzima likijisanidi.
*Mchapaji, Sabasaba, Dodoma*

Kila Word inapofunguka hudai kwamba yeye ndiye mwenye mafaili ya .docx, na huandika upya kumbukumbu zake kwenye Windows. Kwa kuinyamazisha ya 2010, fungua Command Prompt uandike kwa mstari mmoja:

reg add HKCU\Software\Microsoft\Office\14.0\Word\Options /v NoReReg /t REG_DWORD /d 1

Kwa 2019 weka 16.0 mahali pa 14.0. Siku mkisakinisha upya, ianze ya zamani, na zote ziwe za biti 32 au zote za biti 64, mchanganyiko hukataliwa.

Lakini kwa maoni yetu Word ya pili haiwasaidii. Mpangilio wa barua ya mteja huvurugika hasa kwa sababu fonti aliyotumia haipo kwenye mashine yenu, na Word huweka nyingine yenye upana tofauti. Mwombeni mteja alete PDF pamoja na faili lenyewe. Word ya 2010 iondoeni, nafasi ya diski mtaihitaji.

Tunadarizi sare za shule na kanzu. Programu ya kuchora michoro imetoka mpya, lakini mashine yetu ya zamani inakubali mafaili ya toleo la nyuma tu. Kila tukisakinisha jipya, la zamani linafutwa.
*Fundi wa kudarizi, Singida*

Kisakinishi chenu kimeundwa kupandisha toleo, wala si kuongeza, na kubadilisha folda hakutakizuia. Kabla ya kwenda mbali, angalieni kama toleo jipya linaweza kuhifadhi kwa muundo wa zamani. Fungueni orodha iliyo chini ya jina la faili mnapohifadhi, mtafute DST. Ikiwepo na mashine ikiusoma, kazi imekwisha.

Isipokuwepo, lifungieni toleo la zamani ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa ndani ya kompyuta yenu, kwa programu ya VirtualBox, ambayo ni ya bure. Fungua Task Manager, Performance, CPU, uone kama mstari wa Virtualization unasema Enabled. Ukisema Disabled, zima mashine, ingia BIOS na uwashe Intel Virtualization Technology, au SVM kama prosesa ni AMD. Mashine yenye RAM ya GB 8 itatosha: ipe kompyuta pepe GB 2 kwa Windows 7, na diski inayokua ya GB 32. Yenye GB 4 itawachosha, bora mtafute kompyuta ya zamani iwe ya kazi hiyo tu. Windows ya ndani inahitaji leseni yake.

Baada ya kusakinisha Windows, weka Guest Additions (viongezo vya VirtualBox), tengeneza folda ya pamoja ya kupitishia michoro, na uchukue taswira (snapshot) ya hali ilivyo kabla ya kusakinisha programu. Ikiharibika unarudi hapo kwa dakika moja. Kama programu yenu hudai ufunguo wa USB, uchomeke kisha uupitishe ndani kwa menyu ya Devices, USB. Ukiwa ndani, nje hautaonekana, kwa hiyo toleo jipya litalalamika hadi muutoe. Kateni pia mtandao wa kompyuta pepe: Windows 7 iliacha kulindwa Januari 2020, na kudarizi hakuhitaji intaneti.

Mwisho wa siku msizime kwa kufunga dirisha. Chagueni kuhifadhi hali ya mashine, msubiri hadi dirisha lijifunge lenyewe. Umeme ukikatika katikati ya uandishi huo kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, faili la diski pepe linaweza kuharibika lote, na michoro iliyomo ikaondoka nalo. Ndiyo maana michoro ikae kwenye folda ya pamoja, nje.